Hodi na Karibu: Njia ya Kufundishia Muunganisho wa Kompyuta

Miongoni mwa mambo ambayo mwalimu wa leo hutakiwa kuwaeleza watoto, yako yale ambayo macho hayayaoni wala mkono hauyashiki. Mizizi ya mmea twaweza kuing'oa tukaionyesha. Moyo wa mbuzi twaweza kuupasua mezani. Lakini kompyuta mbili zinapoanza kuzungumza, hakuna kinachoonekana ila herufi kwenye kioo. Kwa sababu hiyo walimu wengi huliruka jambo hili, au hulifundisha kwa kunakilisha amri ubaoni, na mtoto hutoka darasani akiamini kwamba mashine hufanya kazi kwa uganga.

Sisi tumelifundisha somo hili kwa miaka kadhaa: kwanza kwa wanachuo, na kisha, kwa mikono ya wanachuo hao, kwa watoto wa darasa la sita na la saba katika shule za jirani zinazotupokea kwa mazoezi ya kufundisha. Shabaha yetu katika makala hii ni moja. Twataka kuonyesha kwamba muunganisho wa kompyuta ni mapatano baina ya pande mbili, na kwamba mtoto aliyekwisha kuyaigiza mapatano hayo kwa mwili wake mwenyewe ataliona hata kosa linaloandikwa kwenye kioo kuwa jibu la kusomwa, wala halitamtisha.

Soketi ni nini

Neno soketi si geni kwetu. Fundi wa umeme huliita hivyo lile tundu la ukutani ambamo plagi huchomekwa. Waundaji wa programu hulitumia kwa maana iliyo karibu na hiyo: ni mahali ambapo programu hujichomeka ili ipate kusema na programu nyingine, iwe katika mashine ile ile au ng'ambo ya bahari.

Mwanachuo hana haja ya kuunda soketi tangu mwanzo. Kazi hiyo imekwisha kufanywa na wengine, nayo imewekwa katika maktaba ya programu, yaani akiba ya amri zilizo tayari kuitwa kila zinapohitajiwa. Maktaba ya soketi iliyokuwa kielelezo cha nyingine nyingi ilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983, pamoja na toleo la 4.2BSD la mfumo wa Unix. Mwaka huo huo, tarehe 1 Januari, mtandao wa ARPANET wa Marekani ulikuwa umehamia kwenye kanuni za TCP/IP, ambazo msingi wake ulielezwa na Vinton Cerf na Robert Kahn mwaka 1974. Lugha ya Python, iliyotolewa kwa mara ya kwanza na Guido van Rossum mwaka 1991, ina maktaba ya soketi inayozifuata amri za Berkeley kwa karibu sana. Hiyo ndiyo tuitumiayo chuoni, kwa kuwa haina malipo na maandishi yake ni mafupi.

Ili programu moja iipate nyingine, yatakiwa mambo mawili: anwani ya mashine na namba ya mlango. Anwani ni kama jina la nyumba mtaani. Mlango, ambao wataalamu huuita poti, ni namba inayotenganisha programu moja na nyingine ndani ya nyumba hiyo moja. Namba za milango huanzia 0 hadi 65535. Mlango wa 80 ni wa kurasa za intaneti. Wa 443 ni wa kurasa hizo hizo zikiwa zimefichwa kwa maandishi ya siri. Wa 25 ni wa kupokezana barua baina ya mashine za posta ya kompyuta. Kwa majaribio ya darasani sisi huchagua namba kubwa isiyo na mwenyewe, mathalani 9000.

Mchezo wa hodi

Mila zetu zimetupa zana ya kufundishia isiyonunuliwa. Hakuna mtoto aliyelelewa vema aingiaye nyumba ya mtu bila kupiga hodi, wala hakuna asiyejua kwamba kabla ya hodi kuitikiwa sharti pawepo mtu wa kuitikia. Juu ya msingi huo twajenga mchezo mzima.

Tunachagua watoto watatu. Mmoja ni mgeni, wa pili ni mwenyeji, na wa tatu ni bawabu wa nyumba. Mgeni na mwenyeji ni programu mbili. Bawabu ni ule mfumo unaoiendesha mashine, ambao husikia kila hodi kabla ya programu yoyote kuisikia. Mwanachuo asimsahau bawabu huyu, maana bila yeye mchezo hautaeleza makosa tutakayoyataja mbele.

Mwenyeji ana hatua nne, nazo hufuatana. Kwanza huchukua karatasi na kuikunja iwe kama paipu ya kusemea. Hiyo ndiyo soketi yake, na amri yake katika maktaba huitwa "socket". Pili, huketi kwenye dawati na kubandika mbele yake namba 9000. Amri yake ni "bind". Tatu, humwambia bawabu, "Nimefungua mlango, wageni waje," na benchi la wageni huwekwa kando. Amri yake ni "listen". Nne, huita mgeni aliye wa kwanza kwenye benchi, na kama hayupo, hungoja. Amri yake ni "accept".

Mgeni ana hatua mbili tu: kukunja karatasi yake, na kupiga hodi kwenye mlango wa 9000. Amri ya kupiga hodi ni "connect". Yeye habandiki namba mbele yake. Bawabu wa upande wake humpa namba yoyote iliyo wazi, ili majibu yapate pa kurudia.

Katika hatua ya nne pana jambo ambalo hata wanachuo wetu huliona gumu. Mwenyeji anapomwita mgeni kutoka kwenye benchi, hazungumzi naye kwa paipu ile ya mlangoni. Maktaba humpa paipu mpya, iliyo ya mgeni huyo peke yake, na ile ya kwanza hubaki mlangoni ikingoja wengine. Darasani twaonyesha jambo hili kwa karatasi ya rangi nyingine. Mtoto akishaona paipu nyeupe ikibaki dawatini na paipu ya bluu ikienda na mgeni, hatauliza tena jinsi mashine moja iwezavyo kuhudumia wageni mia kwa mlango mmoja.

Kwa nini maneno matatu

Hodi ya TCP ina maneno matatu, nayo huigizwa hivi:

Mgeni: "Hodi! Maneno yangu nitayahesabu kuanzia 300."
Bawabu: "Karibu! Kwako nangoja 301. Yangu nitayahesabu kuanzia 800."
Mgeni: "Ahsante. Kwako nangoja 801."

Baada ya hapo bawabu humketisha mgeni kwenye benchi, naye amekwisha kuunganishwa ijapokuwa mwenyeji bado hajamwita. Namba zile ndizo zitakazotumika kujua neno lililopotea njiani au lililofika mara mbili.

Hapa mwalimu na asimame aulize: kwa nini maneno matatu, yasiwe mawili? Asitoe jibu. Sisi huwaacha watoto wajaribu kwa maneno mawili, na bawabu anaposema "Karibu" darasa zima hupiga kelele ili mgeni asisikie. Mgeni hubaki nje akidhani hajaitikiwa. Bawabu, kwa upande wake, ameshaweka nafasi kwenye benchi kwa ajili ya mgeni hewa. Katika shule moja mvulana aliyekuwa bawabu alisimama akasema, "Mwalimu, na mimi nataka kujua kama nimesikika." Maelezo yetu ya ubaoni hayajapata kulizidi jibu hilo. Kila upande sharti useme, na kila upande sharti ujue kwamba umesikika. Neno la katikati hufanya kazi mbili kwa pamoja, na kwa hiyo matatu yanatosha.

Jambo hili laweza kuingizwa katika hesabu za darasa la saba. Kabla ya waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari kuanza kazi Julai 2009 na kufika Mombasa na Dar es Salaam, sehemu kubwa ya mawasiliano yetu ya kompyuta na nchi za ng'ambo ilipitia satelaiti zilizo kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ishara husafiri kama kilomita 300,000 kwa sekunde. Watoto na wakokotoe: kupanda na kushuka ni kilomita 72,000, yaani sekunde 0.24, hodi kwenda na karibu kurudi ni sekunde 0.48. Karibu nusu sekunde imekwisha kabla ya neno la kwanza la maana kusemwa, na ukurasa mmoja wa intaneti huweza kuhitaji hodi nyingi. Mtoto akiikamilisha hesabu hii ameona kwamba mapatano yana gharama yake.

Kompyuta moja yatosha

Wanachuo wengi hutuuliza: shule isiyo na intaneti itafundishaje somo hili? Twawajibu kwamba intaneti haihitajiki hata kidogo. Kila mashine inayofuata kanuni hizi ina anwani ya kujipigia hodi yenyewe, nayo ni 127.0.0.1. Yatosha kufungua madirisha mawili kwenye kioo cha kompyuta moja: katika dirisha la kushoto programu ya mwenyeji, katika la kulia programu ya mgeni. Mwenyeji huanzishwa kwanza, kisha mgeni. Neno linaloandikwa kulia hutokea kushoto. Watoto hamsini hawawezi wote kugusa mashine moja, lakini wote waweza kuambiana ni hatua ipi ya mchezo inayofanyika sasa ndani yake, nalo hilo ndilo somo lenyewe.

Hatudai kwamba kila mtoto aandike programu hiyo. Mchezo ni wa darasa zima; kuandika ni kwa wale wa kikundi cha baada ya masomo; bali kuelewa kila mstari ni wajibu wa mwalimu kabla hajaingia darasani.

Kukataliwa na kunyamaziwa

Tunafika sasa mahali ambapo somo hili hufaulu au huharibika. Mwanachuo mmoja aliyekuwa mazoezini aliandika amri zote ubaoni, watoto wakazinakili, na msichana mmoja akaitwa kuziendesha. Akaanzisha mgeni kabla ya mwenyeji. Kioo kikaandika kwa Kiingereza kwamba muunganisho umekataliwa. Msichana akauliza, "Mwalimu, tumekataliwa na nani?" Mwanachuo akamjibu kwamba mashine ni mbovu, akaizima akaiwasha tena. Mtoto akarudi mahali pake, na katika muda uliosalia wa kipindi hakuuliza tena.

Sisi tuliokuwa tumeketi nyuma tuliona kwamba swali lile lilikuwa na somo zima ndani yake. Mtu hawezi kukataliwa na nyumba tupu. Aliyekataa ni bawabu: amesikia hodi kwenye mlango wa 9000, ametazama orodha yake, ameona hakuna mwenyeji aliyefungua mlango huo, naye amerudisha jibu mara moja. Kwa hiyo neno "umekataliwa" kwa kawaida lina habari tatu njema: njia ni nzima, mashine iko hai, na anwani ni ya nyumba iliyopo. Kilichobaki ni kutazama kama mwenyeji ameanzishwa, au kama namba ya mlango ni sahihi. Baada ya mazungumzo yetu jioni ile, mwanachuo yule alirudi katika kipindi kilichofuata akampa msichana kazi ya kuwa bawabu. Aliyekuwa amekataliwa akawa ndiye mwenye kukataa, akaeleza sababu yake mbele ya wenzake.

Kunyamaziwa ni jambo jingine kabisa. Mgeni hupiga hodi na hakuna sauti inayorudi. Huenda nyumba haipo, huenda waya umekatika, huenda pana ukuta wa ulinzi unaoitupa kila hodi bila kuijibu. Wazee wetu walitufundisha kupiga hodi mara tatu, na usipoitikiwa, uende zako. Mashine nayo hurudia hodi yake mara kadhaa, ikingoja muda mrefu zaidi kila mara, na huweza kuchukua dakika moja au zaidi kabla ya kukata tamaa. Kwa hiyo programu nzuri hupangiwa kikomo cha kungoja. Katika Python amri yake ni "settimeout", na kwa majaribio ya darasani sekunde 5 zatosha. Mwanachuo ajue pia kwamba kikomo kisipowekwa, programu iliyokwisha kuunganishwa na inayongoja neno la mwenzake yaweza kungoja pasipo mwisho.

Tena kuna tofauti baina ya ukimya wa kabla ya mapatano na ukimya wa baada ya ombi kutumwa, na hii twaomba mwanachuo aishike sana. Aliyenyamaziwa wakati wa hodi anajua kwamba ombi lake halijapelekwa. Lakini aliyeunganishwa, akatuma ombi, kisha akanyamaziwa, hajui. Huenda ombi lilipotea njiani. Huenda lilifika na kutekelezwa, na jibu ndilo lililopotea.

Hili si jambo la kompyuta peke yake. Mzazi mmoja wa shule tunayoizoea alituma mchango wa chakula cha mtoto kwa simu. Simu ikanyamaza. Akadhani ameshindwa, akatuma tena. Zote mbili zilifika, na ilimchukua siku nyingi kurudishiwa fedha yake, fedha iliyokuwa ya mbegu. Njia ile ya simu huenda haikutumia soketi hizi tunazozieleza, lakini kanuni ni ile ile: ukimya baada ya kutuma si kukataliwa. La kufanya kwanza ni kuuliza salio, kisha ndipo kuamua. Watoto wetu watakuwa wazazi katika nchi ambamo fedha, dawa na vyeti hupita katika mazungumzo ya mashine. Mtoto anayeweza kutofautisha "hapana" na kimya ana kinga ambayo hataipata kwa kukariri amri.

Punje za mtama

Kosa la mwisho tutakalolitaja hutokea baada ya muunganisho kukamilika. Watoto, na wanachuo pia, hudhani kwamba kila kinachotumwa kwa mkupuo mmoja hupokewa kwa mkupuo mmoja, kama barua ndani ya bahasha. Sivyo ilivyo kwa TCP. Yenyewe huahidi kwamba herufi zitafika kwa mpangilio wake pasipo kuruka hata moja, ila haiahidi kutunza mipaka baina ya mkupuo na mkupuo.

Zana yetu hapa ni kikonyo cha jani la mpapai, ambacho ni kitupu ndani. Mtoto mmoja humimina punje tano za mtama mweupe, kisha punje tano nyingine. Mwenzake aliye upande wa pili hukinga kiganja. Mara hupata kumi kwa pamoja, mara tatu kisha saba. Mwalimu aulize: ungejuaje kwamba yalikuwa maneno mawili ya punje tano tano? Katika madarasa yetu watoto wamegundua wenyewe njia mbili. Wengine hutia punje moja ya mtama mwekundu kila mwisho wa neno. Wengine hutangaza idadi kabla ya kumimina. Njia hizo ndizo zinazotumiwa na mashine: kanuni ya HTTP, inayoleta kurasa za intaneti, humaliza kila mstari wa utangulizi kwa alama maalumu, na mara nyingi hutaja idadi ya herufi za mwili wa ujumbe kabla ya kuuleta. Mtoto wa darasa la sita amefika mwenyewe pale walipofika wataalamu, kwa kikonyo cha mpapai.

Neno kwa mwanachuo

Anayejiandaa kwenda mazoezini na aandike andalio lake kwa mpangilio huu: mchezo kwanza, mchoro wa mchezo pili, kompyuta tatu. Asianze na kompyuta kwa kuwa ndiyo inayovutia. Mashine ikitangulia, watoto hutazama kioo na kuacha kufikiri. Vipindi viwili vya mchezo na kimoja cha mashine vyatosha kwa sehemu ya kwanza.

Aidha, aharibu kazi yake mwenyewe kwa makusudi kabla ya watoto hawajaiharibu. Amwanzishe mgeni bila mwenyeji asome jibu. Abadili namba ya mlango asome jibu. Aelekeze hodi kwenye anwani ya mtandao wa shule isiyo na mashine, aone ukimya na apime muda wake kwa saa. Amzime mwenyeji angali na mgeni ndani, kisha amwanzishe tena papo hapo: huenda akaambiwa kwamba anwani bado inatumika, kwa kuwa bawabu huuweka mlango kwa muda mfupi, pengine dakika moja, mpaka maneno yaliyochelewa njiani yaishe. Kila jibu aliandike katika daftari, na kando yake aandike nani amelitoa na linajulisha nini.

Mwalimu aliyefanya hivyo akiulizwa, "Tumekataliwa na nani?" atafurahi, kwa sababu jibu analo, na hata swali likiwa jipya kwake, anayo njia ya kulitafuta pamoja na aliyeuliza.